Magunia Matatu Ambayo Hakuna Aliyeyavuna

Mwaka wa kwanza wa falsafa tunafundishwa mantiki, na kuna kanuni moja inayokaa kichwani kuliko zote: kauli mbili zinazokanushana haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, kwa wakati uleule na kwa namna ileile. Aristotle aliisema, Mtakatifu Tomaso wa Akwino akaipokea, nasi tumeiandika kwenye mitihani mara nyingi mno. Shida yetu ni kwamba tunaikumbuka sehemu ya kwanza na kuiacha ya mwisho. "Kwa namna ileile." Maneno hayo matatu yana kazi kubwa kuliko tunavyoyapa, na hapa tunataka kuonyesha ukubwa wa kazi hiyo kwa kutumia mpunga wa Kyela pamoja na hesabu ya takwimu iitwayo uchanganuzi wa varianzi wa njia mbili.

Msomaji asikimbie. Jina ni gumu kuliko hesabu yenyewe, ambayo ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Aliyemaliza darasa la saba anaweza kuifuata mpaka mwisho akiwa na karatasi na uvumilivu.

Wakati wa likizo baadhi yetu tumefika Njisi kwa kazi za kichungaji. Ni kata ya wilaya ya Kyela iliyo mpakani, upande huu wa mto Songwe. Ukivuka daraja la Kasumulu uko Malawi, na wilaya unayoikuta ni Karonga. Songwe ni mto usiotulia. Hubadili njia yake, na kuna familia ambazo shamba lao limejikuta ng'ambo bila wao kuhama. Jumapili, ibada ikiisha, watu hawaondoki upesi. Wanakaa chini ya mwembe na kuongea, na katika msimu wa kilimo maongezi ni mpunga.

Hapo ndipo tulipowasikia wazee wawili wakibishana. Mmoja alisema mbolea ya kukuzia ilimtia hasara: aliinunua kwa mkopo, mpunga ukasitawi kijani kibichi, kisha wote ukalala ndani ya maji kabla ya kukomaa. Mwenzake alisema bila mbolea hiyohiyo asingelipa ada ya wajukuu. Wakatugeukia. "Frateri, ninyi ndio wasomi. Nani mkweli hapa?"

Tukajibu kwa adabu, "Shikamooni wazee, inategemea." Wakacheka sana. Kwa Kiswahili chetu "inategemea" limekuwa neno la kumkwepa mtu: mwanasiasa hulitumia, mwanafunzi ambaye hakusoma hulitumia, na pengine mhubiri pia. Maoni yetu ni kwamba neno hilo lina heshima yake likisemwa kikamilifu, yaani likitaja inategemea nini, na kwa kiasi gani. Uchanganuzi wa varianzi wa njia mbili ni namna ya kulisema kikamilifu.

Tuanze na mmea wenyewe. Anayeteremka kutoka Tukuyu huacha migomba na chai milimani na kuingia katika bonde tambarare lenye joto, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, milima ya Livingstone ikionekana upande wa mashariki. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huleta maji na udongo kutoka juu. Kutoka hapo unatoka mchele wa Kyela, ambao jina lake peke yake huongeza bei sokoni Dar es Salaam (na wapo wanaoliandika kwenye magunia ambayo hayakuwahi kuuona mto Kiwira; hilo tunaiachia amri ya nane). Kinachopendwa ni harufu na ladha. Mbegu zinazobeba harufu hiyo, kama Kilombero na Supa, ni mbegu ndefu, na mabua yake hupita kiuno cha mtu mzima. Ni mbegu zinazosafiri, kwa sababu hata Malawi mchele wa Karonga unajulikana kwa jina la Kilombero, ingawa bonde la Kilombero lenyewe liko Morogoro.

Sasa mbolea ya kukuzia ni naitrojeni, na naitrojeni humpa mpunga kile ambacho tayari mpunga mrefu anacho kupita kiasi, yaani majani na urefu. Bua linarefuka, kichwa kinakuwa kizito, shina halina nguvu ya kukibeba. Upepo wa ziwani ukikutana na mvua kubwa za Aprili, mpunga unalala. Ukishalala kwenye maji, punje huoza au huota zikiwa bado kwenye suke, na wavunaji hupata shida kuukata. Mpunga mfupi una hali nyingine. Bua lake ni imara, na chakula kinachoongezwa kinakwenda kwenye punje badala ya kwenda kwenye urefu. Jambo hili ndilo lililoibadilisha Asia: kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga huko Ufilipino kilitoa mwaka 1966 mbegu fupi iliyoitwa IR8, na sifa yake kubwa ilikuwa kusimama wima hata ikipewa mbolea nyingi. Kwetu mbegu ya namna hiyo inayojulikana zaidi ni SARO 5, ambayo jina lake la kitaalamu ni TXD 306, iliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha Ifakara mwaka 2002. Hiyo "saro" ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpunga wenye harufu kiasi. Mkulima wa Kyela husikia hilo "kiasi" kuliko maneno mengine yote.

Kwa hiyo wazee wale wote walikuwa wakweli, kwa sababu mmoja alipanda ndefu na mwingine fupi. Kauli "mbolea inasaidia" na "mbolea haisaidii" hazikukanushana, kwa maana hazikusemwa kwa namna ileile. Mpaka hapa mantiki ya kawaida inatosha. Takwimu inaingia pale tunapouliza: tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani, na tutajuaje kwamba si bahati tu?

Tubuni shamba. Namba zote zinazofuata ni za kubuni. Tumezichagua ziwe rahisi kukokotoa, mtu asizichukue kama ushauri wa kilimo. Tuna majaruba 12 yenye ukubwa sawa. Sita yana mbegu ndefu na sita mbegu fupi. Katika kila sita, matatu yanapata mbolea na matatu hayapati. Mavuno, kwa magunia kwa ekari, ni haya:

Mbegu ndefu bila mbolea: 11, 12, 13. Wastani 12.
Mbegu ndefu na mbolea: 10, 11, 12. Wastani 11.
Mbegu fupi bila mbolea: 12, 13, 14. Wastani 13.
Mbegu fupi na mbolea: 19, 20, 21. Wastani 20.

Mtu mwenye haraka atajumlisha majaruba yote sita yaliyopata mbolea na kupata wastani wa 15.5. Yale sita yasiyopata yana wastani wa 12.5. Atatoa hitimisho kwamba mbolea inaongeza magunia 3 kwa ekari, ataliandika kwenye bango, na bango litabandikwa duka la pembejeo. Hesabu yake haina kosa hata chembe. Lakini tazameni tena majaruba. Mwenye mbegu ndefu amepoteza gunia 1. Mwenye mbegu fupi ameongeza magunia 7. Magunia 3 ni nusu ya njia kati ya hasara ya mmoja na faida ya mwingine, na katika shamba zima hakuna aliyeyavuna. Akija mama mmoja wa Njisi mwenye nusu ekari ya Kilombero akakopa kikoba ili anunue mbolea kwa kuamini bango, atakachovuna ni deni.

Huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Wastani si uongo, ila unaweza kuwa kweli kuhusu shamba zima bila kuwa kweli kuhusu mkulima hata mmoja aliyemo.

Uchanganuzi wa njia mbili unafanya nini basi? Unachukua tofauti yote iliyopo kati ya majaruba na kuigawa kwa wahusika wake, kama baba anavyogawa urithi hadharani ili asiwepo wa kulalamika. Wastani wa majaruba yote 12 ni 14. Kila jaruba liko juu au chini ya 14 kwa kiasi fulani. Kiasi hicho tunakizidisha kwa chenyewe (ili hasi na chanya zisifutane) na kujumlisha yote. Jumla ni 158. Hiyo ndiyo mali ya kugawa.

Wa kwanza kudai ni mbegu. Wastani wa mbegu ndefu ni 11.5, wa fupi ni 16.5, kila mmoja uko mbali na 14 kwa 2.5. Mraba wa 2.5 ni 6.25, mara majaruba 12 ni 75. Wa pili ni mbolea. Wastani wake uko mbali na 14 kwa 1.5, mraba wake ni 2.25, mara 12 ni 27.

Wa tatu ndiye ambaye wengi humsahau. Kama mbegu na mbolea zingekuwa zinafanya kazi kila moja kivyake, bila kusikilizana, tungetarajia mbegu ndefu yenye mbolea itoe 14, utoe 2.5 kwa ajili ya mbegu, uongeze 1.5 kwa ajili ya mbolea, yaani 13. Imetoa 11. Mbegu fupi yenye mbolea tungeitarajia itoe 18; imetoa 20. Ndefu bila mbolea tulitarajia 10 tukapata 12, na fupi bila mbolea tulitarajia 15 tukapata 13. Kila mahali tumekosea kwa 2. Mraba wa 2 ni 4, mara 12 ni 48. Hiyo 48 haiwezi kupewa mbegu peke yake wala mbolea peke yake. Ni ya kukutana kwao, na wanatakwimu wanaiita mwingiliano.

Kinachobaki ni 8: tofauti ndogondogo kati ya majaruba yaliyotendewa sawasawa kabisa, moja likitoa 11 na jirani yake 13. Hayo ni mabaki, sehemu ambayo hatujui mwenyewe. Jumlisha: 75, 27, 48 na 8 ni 158. Urithi umekwisha.

Mabaki ndiyo hakimu. Mabaki ya 8 yametokana na nafasi 8 huru za kutofautiana (majaruba 12, ukiondoa wastani wa makundi 4), hivyo kila nafasi ina 1. Mwingiliano una nafasi 1 tu na una 48. Uwiano ni 48 kwa 1. Majedwali ya takwimu yanasema kwamba kwa nafasi 1 juu na 8 chini, bahati peke yake huvuka 5.32 mara 5 tu katika kila 100. Tuna 48. Hatuwezi kusema ni upepo tu.

Ushauri wetu kwa anayesoma jedwali kama hili ni aanzie chini, kwenye mwingiliano, kabla ya kusoma mistari ya juu. Mwingiliano ukiwa mkubwa, mstari wa "mbolea" usihubiriwe peke yake. Ukiwa mdogo, basi bango la duka la pembejeo ni halali na mzee mmoja kati ya wale wawili itabidi atafute sababu nyingine ya hasara yake.

Tunasema hivyo kwa sababu mwingiliano haupo kila mahali. Mtu aliyetupa hesabu hii ni Ronald Fisher, Mwingereza aliyeajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted. Yeye ndiye aliyelileta neno "varianzi" katika takwimu mwaka 1918. Mwaka 1923, pamoja na Winifred Mackenzie, alichapisha uchunguzi wa aina 12 za viazi zilizopewa mbolea tofauti. Swali lao lilikuwa lilelile la wazee wa Njisi: je, aina mbalimbali huitikia mbolea kwa namna mbalimbali? Jibu walilopata kwa viazi vile lilikuwa hapana, hakukuwa na ushahidi wa kutosha. Tunalipenda jibu hilo. Linaonyesha kwamba jedwali halikutengenezwa ili kumpa kila mtu ukweli wake binafsi. "Inategemea" nayo inaweza kuwa uongo, na jedwali lina uwezo wa kuikataa.

(Fisher alikuwa pia mtetezi wa nadharia ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua wa kuzaa, jambo ambalo hatuwezi kulikubali hata kidogo. Tunalitaja kwa sababu anayesifiwa katika hesabu asije akasifiwa katika yote. Na wapenzi wa Gregor Mendel, mtawa Mwaugustino aliyetufungulia elimu ya urithi kwa njegere zake, wajue kwamba mwaka 1936 ni Fisher huyuhuyu aliyeonyesha kuwa namba za mtawa wetu zilikuwa safi kupita kawaida. Ubishi wa hilo haujaisha.)

Kwa mwanafalsafa, kabla ya Fisher yupo John Stuart Mill. Katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, mwaka uleule kituo cha Rothamsted kilipoanza, Mill alitupa mbinu ya tofauti: badilisha kitu kimoja tu, shikilia vingine vyote, na kilichobadilika katika matokeo kinatokana na hicho kimoja. Ni mbinu nzuri, nasi tunaikariri. Lakini Mill huyohuyo alijua kwamba kuna sababu zinazojumlika kama nguvu mbili zinazosukuma mkokoteni, na kuna sababu zinazokutana na kuzaa kitu kipya, kama hidrojeni na oksijeni zinavyozaa maji. Alikiona kichuguu, lakini hakuacha jembe la kukichimba. Ukishikilia mbegu ndefu na kubadilisha mbolea tu, utapata jibu sahihi kuhusu mbegu ndefu na hutajua kamwe kuhusu fupi. Fisher aligeuza utaratibu: alifundisha kwamba ni afadhali kuyauliza maumbile maswali kadhaa kwa pamoja katika shamba moja lililopangwa vizuri, kwa sababu ukiuliza moja moja, jibu litangojea swali ambalo hukuuliza.

Kupanga vizuri kuna masharti yake, na Njisi ni mahali pazuri pa kuyaelewa. La kwanza ni kurudia. Kama tungekuwa na jaruba moja tu kwa kila kundi, tungekuwa na namba nne na tusingekuwa na mabaki. Mwingiliano na bahati vingekaa chumba kimoja na tusingeweza kuwatofautisha. Wazee wetu walikuwa na shamba moja kila mmoja. Ushahidi wao ni wa kweli, lakini hauna hakimu. La pili ni kupiga kura. Karibu na Songwe mafuriko huacha tope lenye rutuba. Mita mia mbili mbele udongo ni mwingine. Ukiweka mbegu fupi yote upande wa mto na ndefu yote upande wa barabara, umepima mto ukadhani umepima mbegu. Kwa hiyo shamba linagawanywa kwanza katika mikanda, iliyo karibu na mto na iliyo mbali, na ndani ya kila mkanda majaruba yanapangiwa kwa kura. La tatu ni usawa wa idadi. Ng'ombe wakiingia na kula jaruba moja, mafungu yale hayatajumlika tena kwa unyoofu mpaka 158, na anayegawa urithi atalazimika kusema anaanza na nani.

Kuna sharti jingine ambalo wataalamu hulitaja haraka na kupita, nasi tunaona ndilo zito kwa Kyela: unapima kwa kipimo gani? Tulipima kwa magunia. Gunia la mchele wenye harufu halina bei sawa na gunia la SARO, na mbolea yenyewe imenunuliwa. Ukibadilisha kila namba kuwa shilingi mfukoni, jedwali linabadilika. Faida ya 7 itapungua, pengine sana, na hasara ya 1 itakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa imebeba pia gharama ya mbolea. Ukipima kwa wali uliopo kwenye sufuria ya watoto, utapata jedwali la tatu. Kila moja ni sahihi kwa swali lake. Kwa hiyo anayesema mkulima wa Njisi ni mkaidi kwa kung'ang'ania mbegu ya babu amechagua kipimo kwa niaba ya mkulima bila kumwambia.

Nchi yetu imekwisha kulipia somo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga Tanganyika, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea, ikilenga zaidi ya ekari milioni 3. Uchunguzi wa mwanzo, wa mwaka 1946, ulikuwa wa wiki chache. Trekta lilikuwa limethibitika kwingine. Karanga zilikuwa zimethibitika kwingine. Yakakutana na udongo wa Kongwa, ambao kiangazi hukaza kama tofali, na mvua isiyotabirika. Wagogo waliijua mvua ile, lakini hawakuwa na bango. Mpango ulifutwa mapema mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Hatudai kwamba jedwali la Fisher lingeuokoa. Kulikuwa na siasa na njaa ya mafuta baada ya vita. Lakini jaribio dogo la misimu miwili, mashine kwa udongo, lingeonyesha kwamba sifa ya trekta haisafiri peke yake.

Sasa tuseme tunachotaka. Tunataka mada hii ifundishwe katika falsafa, ndani ya somo la mantiki, kwa wiki tatu au nne. Tunajua kipingamizi, kwa kuwa tumekisikia mezani: seminari inaandaa mapadre, si maafisa ugani, mwenye kutaka takwimu aende Uyole. Kipingamizi hicho kina nguvu yake, maana ratiba imejaa na Kilatini bado kinatudai. Hata hivyo, atakayepelekwa parokiani ataulizwa mambo haya atake asitake. Ataulizwa kuhusu mbolea, mkopo, shule ya bweni, dawa. Na atajibu. Swali ni kama atajibu kwa wastani wa watu wote au kwa mtu aliye mbele yake.

Wala hatuombi kitu kigeni. Mtakatifu Tomaso, katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 47, kifungu cha 3, anaeleza kwamba mwenye busara hana budi kujua kanuni za jumla na pia mambo mahususi, kwa sababu matendo yote hutendeka katika mahususi. Aristotle kabla yake, katika kitabu cha sita cha Maadili, alitoa mfano wa anayejua kwamba nyama nyepesi ni nzuri kwa afya ila hajui nyama ipi ni nyepesi: huyo hataponya mtu. Busara ya namna hiyo tumeizoea kuiita kipaji cha wazee. Sehemu yake inafundishika, na inafundishika kwa hesabu.

Tunaona faida nyingine, ya ndani zaidi. Mwanafunzi wa falsafa hushawishika kwa urahisi na pande mbili: ama anatafuta kanuni moja inayowafunika wote, ama akikatishwa tamaa anasema kila mtu ana ukweli wake. Jedwali la njia mbili linamnyima yote mawili. Linamlazimisha aseme kanuni inaishia wapi na upekee unaanzia wapi, na aonyeshe mabaki yake, ile 8 asiyoijua, bila kuificha. Hatujaona zoezi jingine la mwaka wa kwanza linalofanya hivyo kwa ukurasa mmoja.

Wenzetu wengine wamependekeza tuanze kwa mifano ya vitabuni, alama za mitihani au urefu wa wanafunzi. Tunapinga. Shamba la seminari lipo na mvua za Novemba zinakuja. Tukate majaruba 12 yenye ukubwa sawa, katika mikanda mitatu kulingana na maji yanavyotuama, tuombe kilo chache za mbegu ndefu kutoka kwa wakulima wa Kyela na nyingine za fupi. Tuandike vikaratasi vinne kwa kila mkanda, tuvitie kwenye kofia, na mdogo kuliko wote katika mwaka wa kwanza avute. Kazi ya kupima mavuno wapewe wasiojua jaruba lipi lilipata mbolea. Na mchele ukishakobolewa upikwe katika masufuria mawili siku moja, tuketi mezani, tuandike pia kipimo kile ambacho magunia hayakionyeshi.